Kibuyu Kina Mwenyewe

Siku niliyofika Kericho nilimwuliza mume wangu, "Mji uko wapi?" Kumbe tulikuwa tumesimama katikati yake. Alicheka mpaka kondakta wa basi akageuka kututazama. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimetoka Maragoli na sanduku la bati, chungu cha mama yangu, na mwavuli mweusi niliopewa misheni siku ya harusi, na wasichana wenzangu walikuwa wamenionea wivu kwamba naolewa mjini. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja ya maduka ya Wahindi, uwanja wa nyasi wenye miti mirefu, posta, kanisa la mawe, na hoteli ya Wazungu iliyozungushiwa ua usiochungulika. Baada ya hapo ni chai. Chai, chai, chai, mpaka macho yanachoka na rangi moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo mkali kuliko akili. Tulipanga chumba nyuma ya duka la nguo, katika safu ya vyumba sita vya mabati. Ukiteleka maji ya ugali ukatoka kuuzunguka mji, ulirudi kabla hayajachemka. Najua kwa sababu nilifanya hivyo siku moja kwa hasira tu, nipate cha kumwambia mume wangu jioni.

Yeye alikuwa seremala, na kama kila mtu Kericho, mawazo yake yalikuwa kwingine. Huo ulikuwa mji wa kupitia. Mabasi yalisimama, watu wakanunua mkate na ndizi, wakaenda Nakuru au wakateremka Kisumu. Ukimwuliza mtu anakaa wapi, anakwambia, "Niko hapa kwa sasa." Haukupita mwaka, mume wangu akapata kazi Kisumu. Huko walilala wanaume wanne chumba kimoja, kwa hiyo akaniambia, "Bibi, vumilia. Nikipata chumba nitakuja kukuchukua." Akapanda basi na sanduku lake la zana. Nikabaki na jiko la makaa, kitanda, na mvua.

Mvua ya Kericho haiombwi. Saa nane mchana inafika kama mwenye nyumba. Inapiga mabati mpaka hata ukiimba hujisikii. Nguo hazikauki, zinaning'inia siku tatu zikinuka, mwishowe unazivaa hivyo hivyo. Mlango wa pili aliishi mama mmoja wa kutoka Murang'a, muuza maharagwe, ambaye alikuwa ananiita nje mvua ikikatika ili tuote jua pamoja. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ikiwakamata Wakikuyu kwa ajili ya Mau Mau. Asubuhi moja lori lilikuja likamchukua yeye na wenzake, na mlango ukafungwa kwa kufuli. Sufuria yake ilibaki nje. Kila siku ilijaa maji ya mvua, na kila asubuhi nilikwenda kuyamwaga, sijui kwa nini. Tangu hapo watu wa safu yetu walisalimiana kwa kidevu tu.

Basi nikaanza kutembea. Kupotea njia ndiko kujua njia, husema watu, ila Kericho hata kupotea ni kazi. Nilijua mahali lami inapoishia. Nilijua upande wa nyuma wa tanuri la mkate, ambapo ukisimama alfajiri mgongo unapata joto la bure. Nilijua kwamba upepo ukitoka kiwandani unaleta harufu ya majani yanayokaushwa, na kwamba harufu hiyo ikija usiku hutalala, utakumbuka nyumbani ingawa nyumbani hakuna harufu kama hiyo. Jumapili baada ya kanisa nilivuka uwanja wa nyasi na mwavuli wangu, nikatazama Wazungu wakiteremka kwenye magari yao mbele ya hoteli, nikarudi.

Na nitasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa nakwenda stendi ya mabasi, si kusafiri, ila kusikiliza. Basi la kutoka Nakuru likisimama, hawakosekani abiria wawili watatu wa kwetu. Wanashuka, wananyoosha miguu, wanalalamika kuhusu mgongo na bei ya ndizi kwa Kimaragoli safi. Nilisimama karibu nikijifanya namngoja mtu. Dakika kumi, kisha kondakta anapiga bati, "Kisumu! Kisumu!" wanapanda, wanaondoka na lugha yangu. Nilirudi chumbani nikiwa na upweke kuliko nilivyokwenda, na kesho yake nikaenda tena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akibisha mlango wangu. Alikuwa mama wa Kikipsigis, muuza maziwa, umri wake kama wa shangazi yangu, ndewe za masikio zimetobolewa pana na kupambwa shanga. Alifika kila baada ya siku moja, asubuhi, akitoka ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na changu cha darasani. "Chamgei," anasema. Ndiyo salamu yao. Najibu nilivyofundishwa naye, na kila mara anacheka jinsi ninavyoitamka. Akishanipimia maziwa anakaa kizingitini. Hatukuwa na mengi ya kuambiana. Alipenda mwavuli wangu kupita kiasi. Anaufungua, anaufunga, anaufungua tena, kisha anasimama chini yake pale kizingitini, jua likiwaka, akiwa na uso wa mtu aliye msibani, mpaka nicheke. Ndivyo alivyonifanyia siku ambazo aliona nimeamka vibaya.

Niliposhika mimba sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilitaka kumwona uso akija mwisho wa mwezi. Mama maziwa alijua bila kuambiwa. Alinitazama tu kiunoni, akanipimia maziwa ya ziada, akakataa malipo. Mimba haikufika mbali. Ilitoka siku ya mvua ya mawe, mchana, mimi peke yangu, mabati yakipiga kelele kiasi kwamba nililia kwa sauti yote na hakuna aliyenisikia. Kesho yake alipobisha sikuinuka. Akaingia. Akaona. Alichota maji, akawasha jiko, akaniosha kama mtoto, akafua matandiko na kuyaanika uani mbele ya macho ya safu nzima bila kujali. Siku mbili baadaye alikuja na kibuyu.

Hakikuwa chombo chake cha kuuzia. Kilikuwa kibuyu kirefu, kifuniko chake cha ngozi kimeshonewa shanga na simbi, na ubavuni kulikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa ukano, kushona kwa mkono wa subira. Ndani mlikuwa na maziwa yaliyolala, yale wanayoyaita mursik, mazito, yenye chembechembe za mkaa. "Kunywa," akasema. "Tamu itakuja." Nilikunywa siku tatu. Yalinukia moshi, yalikuwa makali kidogo, na kweli nguvu zilirudi. Mume wangu alikuwa Kisumu. Mama yangu alikuwa Maragoli. Kibuyu kile ndicho kilichonisimamisha.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu wala kitupu. Na mimi ni mtoto wa misheni; nimelelewa kwa sabuni kuliko kwa uji. Nilipochungulia ndani ya kibuyu nikaona kweusi ti. Nikatia kidole, kikatoka cheusi. Moyoni nikasema, maskini, mama huyu hana sabuni, na maji anayateka mbali. Nikachemsha maji. Nikakata kipande kizima cha sabuni ya kufulia, nikatia na mchanga, nikatikisa, nikasugua kwa gunzi nililolifunga kwenye kijiti. Maji yalitoka meusi kama wino. Nikarudia. Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Nilitumia asubuhi nzima, jasho likinitoka, na nawaapia nilikuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu mimba itoke, kwa sababu kulikuwa na mtu ninayemfanyia kitu. Maji yalipotoka meupe nikakianika juani. Nikatia ndani sukari niliyoifunga kwa karatasi, nikakifuta shanga zake moja moja.

Alipokuja nilimpa kwa mikono miwili. Akatabasamu. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Nimekuoshea, mama. Kilikuwa kichafu kweli kweli!"

Alifungua kifuniko. Akainusa ile harufu ya sabuni. Akainamisha kibuyu kuelekea kwenye mwanga, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Kisha akatoa ile sukari, akaiweka taratibu mezani pangu, akafunga kifuniko, akatoka. Hakunipimia maziwa. Nilimwita, "Mama! Mama, vipi?" Hakugeuka.

Siku yake ikafika, hakuja. Nyingine, hakuja. Wiki ya pili nilimwona mbele ya kibanda cha chai akiuza, nikapunga mkono. Akatwaa vyombo vyake akavuka barabara. Nilikasirika. Nikasema haya, nenda, kumbe ukarimu wenu una kutu! Nilifunga mlango kwa kishindo, na chumba kikawa kimya mno.

Aliyenifumbua macho ni mzee mlinzi wa duka la nguo, Mkipsigis naye, ambaye asubuhi alikuwa anaota moto wa vibao vya sanduku kabla ya kwenda kulala. Nilimweleza kisa chote nikilalamika, nikitegemea aniunge mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika kichwa.

"Sabuni?" akasema. "Ndani ya kibuyu? Binti, umefanya nini!"

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto aliyechoma nyumba. Ule weusi si uchafu. Mwanamke anachoma kijiti cha mti uitwao senetwet, anakisagia ndani kikiwa bado kaa la moto, anasugua kila upande, kila mara kabla ya kutia maziwa, miaka nenda miaka rudi, mpaka ukuta wa kibuyu unashika. Hapo ndipo maziwa yanakaa bila kuoza na kupata ladha yake. Kila nyumba ina ladha yake, na mtu anaweza kujua ni maziwa ya nani. Sabuni ikishaingia haitoki upesi, maziwa yanaharibika. "Kibuyu kile cha shanga ni cha tangu alipoolewa," akasema. "Hakiendi kwa watu ovyo. Alikupa kwa sababu umepoteza mtoto. Nawe umemrudishia ukamwambia nyumba yake ni chafu."

Niliingia ndani nikakaa kitandani, na aibu ilinishika mpaka masikio yakawa moto. Sukari yake ilikuwa bado mezani. Sisimizi walikuwa wameshaipata.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani. Nilichukua mwavuli nikashika njia ya kwao. Nilikuwa najiona naujua mji ule wote, lakini upande huo sikuwa nimewahi kuvuka mto, na mwaka mzima yeye alikuwa ameupanda mlima wa kutoka mtoni kuniletea maziwa bila mimi kuuliza panafananaje. Njia ilipita katikati ya chai, mistari iliyonyooka isiyo na mtu kwa kuwa ni Jumapili, kisha ikateremka hadi kwenye daraja la magogo. Ng'ambo ya pili chai iliisha ghafla, yakaanza mashamba ya wimbi, ng'ombe, na nyumba za nyasi. Niliuliza kwa ishara: nilivuta masikio yangu chini, nikajifanya napima maziwa. Watoto walicheka, wakanipeleka.

Hakuwepo. Alikuwa amekwenda Litein kwa binti yake aliyejifungua. Nilimkuta mama mkwe wake tu, kikongwe asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akachukua kigoda chake mwenyewe akanipa mimi nikalie. Na pale nje, kwenye mti wa uani, mbali na vyombo vingine vyote, kibuyu cha shanga kilikuwa kimening'inizwa, mdomo chini, upepo ukikizungusha. Nilielewa. Walikuwa wanangoja harufu yangu itoke.

Nilipiga magoti mbele ya kikongwe yule, nikasema niliyokuja kuyasema, kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaragoli, maana ilikuwa sawa tu. Alinishika kichwa, nadhani alifikiri nimefiwa. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika. Nilipoinuka nikauacha mwavuli wangu umeegemea mlangoni kwake, nikaonyesha kwa kidole kibuyu, kisha mwavuli. Sijui kama alielewa. Nilirudi mjini nikiwa nimelowa mpaka mifupa, na sikumbuki kama niliona baridi.

Siku tano baadaye mume wangu aliingia akipiga mluzi. "Chumba kimepatikana! Funga mizigo, Jumapili tunaondoka."

Nilikuwa nimengojea maneno hayo mwaka mzima. Nikamwambia, "Nipe wiki mbili."

"Za nini?"

"Kuna mama nimemkosea. Hayupo, amekwenda Litein."

"Mama gani?"

"Wa maziwa."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni. "Muuza maziwa? Kisumu maziwa yapo, mke wangu." Hakuwa mtu mbaya. Nami sikujua nianzie wapi, maana hata habari ya mimba nilikuwa sijamwambia. Jumapili tukapanda basi. Kondakta akapiga bati, "Kisumu! Kisumu!" na zamu hii nilikuwa ndani.

Kisumu ulikuwa mji kweli. Kulikuwa na ziwa, meli, reli, soko la kupotea ndani yake, joto la kukufanya uoge mara tatu. Watu wa kwetu walikuwa tele. Niliamka na Kimaragoli na kulala na Kimaragoli. Nilidhani huko ndiko upweke utakufa. Haukufa. Hakuna aliyenibishia mlango kwa sababu mlango ulikuwa wazi siku zote, watu wanaingia na kutoka, na hata mmoja hakujua yaliyonipata siku ile ya mvua ya mawe.

Miezi minane ikapita. Siku moja dereva wa lori la chai aliyefahamiana na mume wangu akasimama mlangoni na gunia la mkonge mkononi. "Kuna mama Kericho amenisumbua wiki tatu," akasema. "Kila nikipita anauliza kama najua fundi seremala mwenye mke wa mwavuli. Haya, chukua. Amesema unywe. Na amesema kibuyu kirudi."

Nilijua kabla sijafungua. Shanga zile zile, ufa ule ule ulioshonwa. Niliingia ndani nikafunga mlango, jambo ambalo Kisumu hatukulifanya mchana, nikanywa nikiwa nimekaa sakafuni. Moshi ulikuwa umerudi, kwa mbali, mwepesi kuliko zamani. Alikuwa ameanza upya. Nililia mpaka shati likalowa. Alikuwa amenisamehe, na alikuwa anataka nije.

Maana ndivyo nilivyoelewa, na ndivyo ninavyoelewa hata leo: kibuyu kirudi, kirudi na miguu yangu. Nilianza kufikiri nitatia nini ndani. Samaki wadogo wa ziwani? Nikakumbuka sikuwahi kumwona akila samaki, nikaogopa kumkosea tena. Chumvi? Kitambaa? Nikasema nitajua wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika nilikuwa na mimba, na hii sikuthubutu kuipandisha basi. Mtoto akaja, akaja wa pili. Halafu nikaona haya, nimechelewa mno, nitamwambia nini. Kila mwaka aibu iliongezeka kidogo, na Kericho ikawa mbali zaidi, ingawa mabasi yalikuwa yanapita mlangoni kwangu na safari yenyewe ni ya asubuhi moja.

Mwaka jana mke wa mwanangu, msichana mwema, mchapakazi, alikuwa anasafisha nyumba. Nilimsikia akikiteremsha kutoka kwenye msumari. "Mama, hiki kibuyu ndani ni cheusi hivi! Nikuletee sabuni nikioshe?"

Nilimfokea mpaka akaangusha ufagio. "Kiweke! Kina mwenyewe!"

Maskini, machozi yalimlengalenga. Akakirudisha msumarini kwa mikono miwili, taratibu. Kisha akaniuliza, kwa adabu tu, akitaka kujua, "Mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Kericho."

"Hapo tu? Na kwa nini hujampelekea?"